Damu au mwendo wa kiinitete? Ulinganisho kwa anayetafuta mada ya TFC Bukavu

Kila mwaka, karibu na siku za kuweka mada ya TFC, kazi ya utafiti ya kumaliza masomo, mezani kwa msimamizi, wanafunzi wa biolojia, udaktari, mifugo na ufundi wa maabara hapa Bukavu huanza kuzunguka na swali lilelile. Mwenye kupenda fiziolojia hujikuta kwenye njia panda: apime damu, au afuatilie namna mnyama anavyoanza kujongea tangu yupo ndani ya yai, ndani ya maji au tumboni mwa mama yake. Wengi huchagua damu kwa sababu wenzao wote wamepima damu. Wachache huchagua mwendo kwa sababu wameona video nzuri mtandaoni. Sababu zote mbili ni dhaifu.

Njia hizi hazigombani. Joseph Barcroft, mwanafiziolojia aliyezaliwa Ireland mwaka 1872 na kufanya kazi Cambridge, alizipita zote. Mwaka 1920 alijifungia siku sita katika chumba cha kioo ambamo oksijeni ilikuwa ikipunguzwa hatua kwa hatua, kisha akakubali mshipa wa mkono wake ufunguliwe ili damu yake ipimwe. Alitaka kujua kama mapafu huisukuma oksijeni kwa nguvu kuingia kwenye damu, kama alivyoshikilia mwenzake Haldane, au inapenya yenyewe. Damu yake ilikutwa na oksijeni kidogo kuliko hewa ya mapafu, basi hoja ya kusukuma ikaishiwa nguvu. Baadaye alikwenda Cerro de Pasco, mji wa migodi huko Peru ulio juu ya mita 4,300. Katika miaka ya 1930, akiwa mtu mzima wa miaka sitini, akageukia vijusi vya kondoo pamoja na Donald Barron, wakaeleza jinsi kijusi kinavyoanza kwa kushtuka-shtuka na baadaye kutulia kadiri ubongo unavyokomaa. Ukitazama vizuri, hakuliacha swali lake la kwanza: mwili hupataje oksijeni, na huifanyia nini?

Sisi hatuna miaka arobaini wala chumba cha kioo. Tuna miezi michache. Kwa hiyo nitazilinganisha njia hizi kwa mambo matano: uzito wa swali lenyewe hapa kwetu, vifaa na umeme, ruhusa, hesabu, na unakoelekea baada ya masomo. Kwa upande wa mwendo nitazungumzia zaidi yai la kuku, nikigusa viluwiluwi na wanambuzi pale inapobidi.

Uzito wa swali

Damu. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Paul Bert alionyesha mwaka 1878 kwamba kinachomsumbua mtu milimani ni upungufu wa mgandamizo wa oksijeni. Mwaka 1890 François Viault alihesabu chembe nyekundu huko Peru na kukuta zimeongezeka. Leo tunajua njia yenyewe: figo huhisi upungufu, hutoa homoni ya eritropoietini, nao uboho huzalisha chembe zaidi. Namna seli zinavyouhisi upungufu huo ndiyo iliyowapa Kaelin, Ratcliffe na Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Sasa, Bukavu si Cerro de Pasco. Mabadiliko kwenye mita 1,500 ni madogo, na udogo huo ndio unaofanya swali liwe gumu na zuri. Chukua upungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa himoglobini, kibeba-oksijeni cha damu, kwa mwanamke asiye mjamzito kuwa gramu 120 kwa lita, kwa mwanamume 130, kwa mjamzito 110 (105 katika miezi mitatu ya kati), lakini mipaka hiyo ni ya usawa wa bahari. Kwa mkazi wa mita 1,500 jedwali la zamani liliagiza utoe gramu 5 kabla ya kulinganisha, na mwongozo wa 2024 umeongeza kiasi hicho. Mama wa Kadutu mwenye 122 anaonekana mzima ukimpima kwa kipimo cha pwani. Ukitoa 5 anabaki na 117, na tayari yumo miongoni mwa wenye upungufu. Kazi yoyote ya Bukavu, Goma au hata Lubumbashi, iliyo kwenye mita 1,200 hivi, ikitaja asilimia ya wenye upungufu wa damu bila kusema imerekebisha mwinuko au haikurekebisha, mimi huiwekea alama ya kuuliza. Hilo peke yake linatosha kuwa mada.

Tena jimbo letu la Kivu Kusini lina ngazi tayari. Uvira iko kandokando ya Tanganyika, chini ya mita 900. Unapanda Ngomo, unafika Bukavu, ukiendelea kuelekea Kahuzi unavuka mita 2,000. Mbuzi wapo kote huko. Lakini tahadhari: bonde la Ruzizi lina joto na malaria nyingi kuliko huku juu, na mifugo yake ina vimelea vyake. Ukikuta damu ya Uvira ni hafifu kuliko ya Kabare, utasema ni mwinuko au ni ugonjwa? Mwanafunzi asiyejiuliza hivyo kabla ya safari ataulizwa siku ya kutetea kazi.

Mwendo. Swali la msingi hapa ni la zamani na halijachakaa: mnyama hujongea kwa sababu ameguswa, au mwendo hutoka ndani yake wenyewe? William Preyer aliandika mwaka 1885 kwamba kifaranga ndani ya yai hujongea siku kadhaa kabla hajaweza kuitikia mguso. Leonard Carmichael, mwaka 1926, alivikuza viinitete vya amfibia ndani ya dawa ya usingizi. Vilipotolewa kwenye dawa, baada ya muda mfupi viliogelea karibu sawa na wenzao waliokuwa wakijinyoosha kila siku. Kisha akaja Viktor Hamburger. Mwaka 1966 yeye na wenzake walikata uti wa mgongo wa kiinitete cha kuku na kuondoa neva zinazoleta habari za mguso kutoka miguuni, na bado miguu ikaendelea kurusharusha. Uti wa mgongo una mdundo wake.

Usidhani basi kwamba mwendo huo ni mchezo usio na kazi. Mwaka 1962 Drachman na Coulombre waliwapoozesha vifaranga ndani ya mayai, wakakuta viungo vimekakamaa na nyayo zimepinda. Mwendo wa mapema ndio unaochonga kiungo. Anayefanya mazoezi ya viungo kwa watoto wenye nyayo zilizopinda atalielewa hilo upesi kuliko mimi.

Na mwinuko unaingia hata huku. Ganda la yai lina vitundu, na hewa inapokuwa nyepesi mvuke wa maji hutoka upesi zaidi, huku oksijeni inayoingia ikiwa imepungua. Kwa kawaida yai hupoteza kama asilimia 12 hadi 15 ya uzito wake hadi kuanguliwa. Je, ratiba ya mwendo wa kifaranga wa Bukavu ni ileile inayoandikwa vitabuni na watu wa nchi tambarare? Ni swali la mwanafunzi, wala halihitaji mashine ya mamilioni.

Vifaa na umeme

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Damu inahitaji umeme kwa dakika chache. Mashine ya kuzungusha vibomba vya hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) hufanya kazi ya dakika tano kwa damu ya mtu. Damu ya mbuzi inataka muda zaidi, kumi au zaidi, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno, kama nusu ya zetu kwa upana, na hazishuki vizuri. Asiyejua hilo huandika hematokriti za uongo bila kukusudia. Kipima himoglobini cha mkononi hutumia betri, kwa hiyo delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) haikukamati, ila vijibamba vyake vina tarehe ya mwisho na vikiisha kazi imesimama. Njia ya zamani ya Sahli haihitaji umeme wala vijibamba, lakini unalinganisha rangi kwa jicho, na jicho la asubuhi si jicho la jioni. Kuhesabu chembe kwa kibamba cha Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia, kunataka hadubini safi na uvumilivu, basi. Sampuli zenyewe ziingie kwenye vibomba vyenye EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, na zipimwe siku hiyohiyo. Zikilala, zilale kwenye friji yenye umeme wa kweli.

Gharama ya damu ni ya kila sampuli: sindano, kibomba, kijibamba, glavu. Ukiongeza watu hamsini, unaongeza gharama hamsini.

Mwendo ni kinyume chake. Ukishapata kiangulio, yai linalofuata halikugharimu sana. Lakini kiangulio kinataka nyuzi 37.5 hadi 38 usiku na mchana, na yai la kuku ni siku 21. Habari njema ni kwamba kiinitete huvumilia kupoa kwa saa chache kuliko kupashwa joto kupita kiasi. Mtu anayerudisha joto kwa haraka baada ya delestaji na kuliacha lipite nyuzi 40 huua mayai mengi kuliko delestaji yenyewe. Kuna wanaomtumia kuku anayeatamia, wakatoa mayai chini yake kwa zamu. Si wazo la kuchekwa, mradi uandike wazi kwamba joto hukulipima wewe.

Jambo la pili ni mayai yenyewe. Yale ya trei yanayojaa sokoni mara nyingi hutoka kwa kuku wa mayai wasio na jogoo. Utaatamiza trei nzima upate uvundo. Nunua kwa mama anayefuga kuku wa kienyeji wenye jogoo, na siku ya nne au ya tano ulimulike kila yai kwa tochi ya simu kupitia tundu la katoni ili uone mishipa.

Kutazama mwendo, unafungua kidirisha upande butu wa yai, penye chumba cha hewa, unalainisha utando, kisha unafunika. Zing-Yang Kuo, mwanasayansi wa Kichina, alifanya hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa kupaka vaselini utando uwe angavu. Mwendo wa kwanza, kichwa kuinama, huonekana mwishoni mwa siku ya tatu au siku ya nne. Shughuli hupanda hadi kama siku ya 13, hushuka, na kuanzia siku ya 17 hivi kifaranga huanza mwendo wenye mpangilio wa kujiandaa kutoka. Kamera ya simu ya kawaida, picha 30 kwa sekunde, inatosha.

Mtego mkubwa uko hapa: ukifungua kidirisha katika chumba baridi cha Bukavu, kiinitete hupoa ndani ya dakika, na kikipoa hujongea kidogo. Utaandika kwamba mwendo umepungua kwa sababu ya siku, kumbe ni baridi ya Ibanda asubuhi. Rekodia ndani ya kisanduku chenye joto, kipimajoto kikiwa pembeni ya yai, kila mara.

Viluwiluwi ni rahisi kuwalea, na vyura wa kucha wa jamii ya Xenopus wapo katika nyanda zetu za juu. Lakini kiluwiluwi mchanga wa Xenopus anapoogelea hupiga mkia mara 10 hadi 25 kwa sekunde. Kamera ya picha 30 itakudanganya. Tafuta simu inayorekodi 240. Wanambuzi, kwa upande wao, hawahitaji kifaa chochote zaidi ya saa na daftari: unaandika dakika ya kusimama, ya kupiga hatua, ya kunyonya. Tatizo ni kwamba mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi na mbuzi hazai kwa kufuata kalenda ya chuo.

Ruhusa

Damu ya watu hupitia kamati ya maadili, na kamati haikimbii kwa sababu wewe una tarehe ya kutetea. Hesabu muda huo tangu mwanzo. Zaidi ya karatasi, kuna watu. Mama yeyote atakuuliza damu inakwenda wapi, na ana haki. Mweleze kwa Kiswahili au Mashi ni kiasi gani, mililita mbili au tatu, itapimwa nini, itatupwaje, na majibu yake atayapata lini. Majibu hayo yarudi kweli. Ukikuta mtu ana upungufu mkali, umpeleke kituo cha afya. Ukipima SS (ugonjwa wa selimundu, unaorithiwa) bila kuandaa mtu wa kuwashauri watu, unaweza kuvunja nyumba ya mtu kwa karatasi moja. Kama huna wa kushauri, usipime SS.

Damu ya mbuzi ni nyepesi kwa ruhusa. Wengine huikinga machinjioni, bila sindano. Sawa, ila mnyama aliyetishika huminya wengu wake na kumwaga chembe nyekundu kwenye mishipa, hematokriti ikapanda. Barcroft huyohuyo ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1920 kwamba wengu ni ghala la namna hiyo. Basi damu ya machinjioni ilinganishwe na ya machinjioni, si na ya mbuzi aliyelala zizini.

Mayai hayana fomu ya kusaini, lakini andika kwenye mpango wako utafanya nini na kiinitete baada ya kurekodi, hasa cha wiki ya mwisho: ama aanguliwe na alelewe, ama asitishwe kwa njia isiyomtesa iliyokubaliwa na msimamizi. Vyura wasitolewe ndani ya Kahuzi-Biega bila kibali cha ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi.

Hesabu

Damu ni rahisi zaidi kwa takwimu: mtu mmoja, namba moja. Shida yake ni kwamba unahitaji watu wengi wanaofanana kwa umri, jinsia na afya, la sivyo tofauti ndogo ya mwinuko inazama.

Mwendo una mtego wa kinyume. Yai moja linakupa dakika nyingi za video, na mwanafunzi hufurahi kuona mistari elfu moja kwenye jedwali. Mayai kumi yaliyotazamwa mara mia kila moja ni mayai kumi bado. Tena unahitaji mtu wa pili ahesabu sehemu ya video bila kuona namba zako, kwa sababu unachoita pigo la mguu mwenzako anaweza kukiita mtikisiko wa kimiminika. Kazi ya kutazama video inachosha kuliko inavyosemwa, nayo hufanyika usiku, baada ya mihadhara.

Baada ya masomo

Kwa kifupi: damu inafungua mlango wa maabara za hospitali, vituo vya kutolea damu, mifugo na miradi ya lishe, na kazi zake zipo hapahapa mjini. Mwendo hukupeleka kwenye neva, ukuaji wa mtoto na tiba ya viungo, mara nyingi kwa kuendelea na masters kwanza. Aliyefundishwa kutazama kwa subira na kuandika anachokiona hapotezi, lakini asitarajie tangazo la kazi lenye neno kiinitete.

Kwa kusoma, ukaribu wa Lwiro ni bahati kwa wote. Kituo hicho cha utafiti wa sayansi, kilichoanza mwaka 1947 kama IRSAC, sasa CRSN, kina maktaba na mikusanyo ya viumbe wa ukanda huu, kilomita 40 hivi kaskazini mwa mji.

Uchague vipi

Kama unasoma ufundi wa maabara au udaktari, una msimamizi wa hospitali na kamati imekwisha kufungua faili lako, damu ya watu inakufaa. Punguza swali: kundi moja, kwa mfano wajawazito wa kituo kimoja, na marekebisho ya mwinuko yafanywe kwa majedwali yote mawili uone ni wangapi wanahama upande.

Kama uko kwenye mifugo na una ndugu Uvira na Kabare wanaofuga, chukua damu ya mbuzi kwenye miinuko miwili. Mkague kila mnyama vimelea siku hiyohiyo, vinginevyo usianze.

Kama huna bajeti ya kila sampuli lakini una chumba, betri ya sola na mtu wa kukusaidia zamu za usiku, mayai yatakulipa. Anza na mayai machache ya kujifunzia kufungua kidirisha, kwa sababu ya kwanza utayaharibu.

Kama umeme wa kwenu hukatika siku mbili mfululizo na huna sola, achana na mayai. Viluwiluwi wanavumilia joto la chumba, ingawa baridi ya huku itawachelewesha kukua, na lazima uandike joto la maji kila siku.

Kama unaishi kijijini na chuo kimekupa mwaka mzima, wanambuzi ni chaguo ambalo wengi hulidharau bure. Kubaliana na wafugaji kadhaa mapema ujue ni mbuzi wepi wana mimba.

Na kama moyo umegawanyika kweli, ukitaka kupima damu na mwendo ndani ya yai lilelile, hiyo ni kazi ya masters. Kwa TFC chagua kimoja, andika ukurasa mmoja wenye swali, kipimo, idadi na ratiba ya umeme, na umpe msimamizi wako ausome kabla hujalipia yai la kwanza au kibomba cha kwanza.